Ngoma Saba kwa Magoti ya Mbao

Jumatatu, 3 Machi

Mwalimu Mkuu ana ugonjwa wa kipaza sauti. Tulikuwa watu wanne ofisini kwake, tumekaa magoti yanagusana, na bado alikishika kile kidude kama anahutubia uwanja wa mpira. "Mwalimu wetu mpya wa ngoma," akasema, "msanii wa kimataifa, aliyecheza mbele ya marais na wafalme!" Mfalme simjui. Nilicheza mara moja mbele ya balozi, naye alisinzia. Sikumsahihisha. Uongo wa kukusifu hauna haraka ya kusahihishwa.

Kazi yenyewe ni ya muhula mmoja: Jumatano na Ijumaa, watoto ishirini na sita wa darasa la nne, ngoma saba kutoka pande zote za dunia, na mwisho onyesho mbele ya wazazi. Nilikaa miaka kumi na tisa kwenye kundi lililozunguka nchi thelathini, mpaka goti langu la kulia likasema basi. Sasa nimerudi kufundisha watoto ambao, nilivyowatazama uani leo, hata kukimbia hawajui. Wanaanguka mbele, miguu inawafuata.

Ukumbi ni mrefu, unanuka chaki na soksi. Sakafu ni ya saruji iliyosuguliwa mpaka ikang'aa kama sahani. Angalau hilo.

Jumatano, 5 Machi

Walsi. Nimeanza nayo kwa sababu ni ngoma ya kuzunguka kwa hesabu ya tatu, na hata mjinga anahesabu hadi tatu. Nilijidanganya. Kuna mmoja nimempa jina la Ubao: mvulana mrefu, magoti hayakunjiki, ukimsukuma anahama mzima mzima kama kabati. Kuna Bata, vidole vyake vya miguu vimeangalia nje, kila kidole na safari yake. Wengine hawajastahili hata jina.

Halafu kuna msichana mdogo mwenye mwanya, miaka tisa, ambaye mdomo wake haulali.

"Mwalimu, kwa nini tunazunguka upande huu tu?"

"Kwa sababu ndivyo inavyochezwa."

"Kwa nini ndivyo inavyochezwa?"

"Kwa sababu mimi nimesema."

Akanitazama kama mtu anayeweka kiporo cha swali. Huyo nimemwita Kwa-Nini.

Ijumaa, 7 Machi

Mvua. Walsi. Bata alimkanyaga mwenzake mara kumi na moja. Nilihesabu, kwa kuwa hapakuwa na kingine cha kutazama.

Jumatano, 12 Machi

Flamenko, ngoma ya Wahispania ya kupiga visigino na makofi. Nilidhani watoto wanapenda kelele. Kumbe wanapenda kelele zao wenyewe tu. Ukiwapa kelele yenye utaratibu wanakuwa kama wafiwa.

Katikati ya kipindi mlango ukafunguliwa kwa kishindo na mfanyakazi wa usafi akaingia, mwanamke mnene wa makamo, dekio begani kama bunduki. Watoto wanamwita Mama Dekio, naye anaitika.

"Nani kaingia na viatu vya misumari kwenye sakafu yangu?"

"Ni viatu vya flamenko," nikamwambia. "Na sakafu ni ya shule."

"Ya shule ikichafuka. Ikiwa safi ni yangu." Akainama, akapitisha kidole kwenye mkwaruzo, akaninyooshea kile kidole kama ushahidi mahakamani. "Tazama. Miaka kumi na mbili naisugua hii."

Watoto waliangua kicheko. Nikasubiri atoke. Kuna watu ambao maisha yamewapa mita za mraba mia mbili za saruji na wao wakadhani wamepewa ufalme.

Ijumaa, 14 Machi

Flamenko. Mvua. Mama mmoja amekuja kumpiga video mwanawe, akasimama katikati ya ukumbi kama nguzo. Nilipomwomba asogee, akaniambia nisogee mimi, maana nilikuwa namzibia picha.

Jumapili, 16 Machi

Naishi kwa dada yangu tangu nirudi. Ni mshonaji, cherehani yake iko sebuleni, na chumba kizima kinaishi kwa kuizunguka. Nimemwomba atushonee sketi kumi na tatu za flamenko, amekubali bila kuuliza neno, na hilo nalo limenikera. Hajawahi kuvuka mtaa wa pili kwa jambo lisilo la uzi au la ugonjwa.

Asubuhi nilimweleza jinsi watoto walivyo wazito. Akasikiliza, pini mdomoni. Kisha: "Mdogo wangu, tangu urudi hujasifia kitu. Hata mvua umesema inanyesha vibaya."

"Inanyesha vibaya kweli."

Akacheka, akaendelea kushona. Dada anacheka kwa urahisi. Ni tabia ya watu ambao hawakuwahi kujaribu jambo kubwa likawashinda.

Jumatano, 19 Machi

Ngoma ya Kihindi, ile ya vidole na macho. Nimewaonyesha jinsi mkono mmoja unavyoweza kuwa ua, ndege, mlango. Ubao akauliza kama unaweza kuwa simu. Wote wakawa simu. Kipindi kikafia hapo.

Ijumaa, 21 Machi

Mvua. Simu tena.

Jumatano, 26 Machi

Leo nimeanza ngoma ya Waayalandi. Kiwiliwili kinyooke, mikono ilale ubavuni kama imeshonwa, kazi yote ifanywe na miguu. Nilijiambia hii nayo ni kupoteza muda.

Lakini niandike lililotokea. Kwa-Nini alipata hatua ile ya kurukaruka mara ya pili tu. Si kwa kuiga, aliielewa. Uso umetulia, mabega kimya, na chini huku miguu inafanya fujo ya makusudi, fujo yenye hesabu. Nimewaona watu wazima wakilipwa kufanya vibaya kuliko vile. Alipomaliza akanitazama, akingoja.

"Mguu wa kushoto umechelewa," nikamwambia.

Haukuwa umechelewa. Lakini sifa huharibu watoto. Mwalimu wangu mimi hakunisifu hata siku moja, na tazama nilipofika. Nimeisoma sentensi hiyo mara mbili. Basi, ibaki.

Ijumaa, 28 Machi

Mwalimu Mkuu ametangaza kwamba afisa elimu atakuja Jumanne ya tarehe nane kuangalia mazoezi. Ametangaza kwa kipaza sauti, kwenye kikao cha walimu saba. Kona ya ukumbi karibu na jukwaa inavuja. Mama Dekio ameweka ndoo na kukaa kwenye kiti kando yake, akiitazama ikijaa, kama mtu anayesubiri mgonjwa. Hatukucheza.

Jumatano, 2 Aprili

Hatukucheza. Mvua.

Ijumaa, 4 Aprili

Mvua imenyesha tangu Jumanne bila kuvuta pumzi. Nilipofika asubuhi, Mama Dekio alikuwa amepiga magoti kwenye ile kona, amezungukwa na ndoo tatu na beseni.

"Leo hapa hapachezwi," akasema bila kuinua kichwa. "Bati limeachia. Nikikausha huku, maji yanatokea kule. Wapeleke darasani."

"Darasani kuna madawati."

"Sukumeni madawati."

"Afisa elimu anakuja Jumanne. Nimeshapoteza vipindi viwili."

"Basi nipe saa moja nikaushe."

"Sina saa moja ya kumpa mtu."

Akasimama, mkono kiunoni, akapunguza sauti. Sikujua kama anaweza kuipunguza. "Mwalimu, nisikilize. Sakafu hii naijua. Ikilowa haisemi. Unaiona inang'aa, unadhani ndiyo kung'aa kwake, kumbe ni maji. Mtoto ataanguka."

Hapo ndipo nikasema nilichosema. Nakiandika neno kwa neno, maana daftari hili halina wa kudanganywa: "Nimecheza kwenye majukwaa ambayo wewe hutayaona hata kwenye picha. Sihitaji mtu wa dekio anifundishe sakafu. Wewe dekia, mimi nifundishe."

Watoto walikuwa wameshaingia, wamesimama kwenye mstari wao. Ubao alianza kucheka, akaona hakuna anayemuunga mkono, akaacha. Mama Dekio alinitazama, akachukua ndoo mbili, akatoka kwenda kumwaga.

Nikawasha muziki. Nikawapanga safu mbili, Kwa-Nini mbele, kwa kuwa ndiye pekee wa kumwonyesha afisa elimu. Walikwenda vizuri mizunguko mitatu. Naapa walikwenda vizuri. Nilifikia hata kufurahi. Mzunguko wa nne safu ikasogea karibu na jukwaa, na mguu wa Kwa-Nini ukateleza kama umepewa ruhusa. Hakupiga kelele. Alianguka juu ya mkono wake wa kushoto, na nikasikia mlio mdogo, kama kijiti kikavu.

Kisha akapiga kelele.

Nimeanguka mara nyingi maishani na nimeona wengi wakianguka. Ninajua la kufanya. Sikufanya lolote. Nilisimama, mikono ubavuni, kama nilivyowafundisha wao. Mama Dekio ndiye aliyekuja mbio kutoka nje, ndoo akaitupa, akapiga magoti kwenye maji, akamlaza mtoto mapajani. "Nipe rula! Rula mbili!" Bata akampa. Akaufunga ule mkono kati ya rula mbili kwa kitambaa chake cha kichwa, taratibu, huku anamwongelesha: "Tazama mimi, usiutazame mkono, tazama mimi, niambie nyumbani mnafuga nini, kuku? Kuku wangapi?" Akambeba mpaka kwenye gari la mwalimu wa michezo.

Muda wote huo muziki ulikuwa unaendelea. Fidla ilifurahi mpaka mwisho wa wimbo, na hakuna aliyeizima.

Jumamosi, 5 Aprili

Mfupa wa kigasha, chini ya kiwiko, umevunjika. Utaunga, daktari amesema. Dada ameuliza nini kilitokea. Nimemwambia sakafu ililowa.

Jumatatu, 7 Aprili

Mwalimu Mkuu aliniita saa nne. Leo hakuwa na kipaza sauti, na nikagundua kwamba bila hicho sauti yake ni ndogo, ya kinyonge. Mezani palikuwa na fomu ya taarifa ya ajali, imeshajazwa kwa mwandiko wake mzuri: *Mwalimu wa ngoma hakujulishwa hali ya sakafu na mhusika wa usafi.*

"Bado sahihi yako tu," akasema. "Afisa anakuja kesho. Anataka kuona tumechukua hatua."

Kabla sijashika kalamu, Mama Dekio akaingia. Alikuwa ameitwa. Aliposomewa ile sentensi alifura. "Sikumjulisha? Mimi? Nilimwambia kwa mdomo huu! Muulize! Si huyu hapa? Muulize!"

Mwalimu Mkuu akanigeukia. "Mwalimu, alikuambia?"

Ningeweza kusema ndiyo. Ningeweza hata kusema hapana, ukawa uongo mzima, wenye uti wa mgongo. Nilisema: "Sikumbuki."

Mama Dekio alinigeukia mzima mzima. Kisha akaachia mdomo wake, akatutukana sote wawili, akapiga meza, kikombe cha Mwalimu Mkuu kikaruka. Basi, akajimaliza. Mtu mwenye haki akipiga kelele, wasio na haki hupumua. Amesimamishwa kazi. Alivuka uwanja anapaza sauti, madarasa yote madirishani: "Eti hakumbuki! Hakumbuki!"

Nimetia sahihi. Nina dharau kwa mwanamume yule kwa kunirahisishia, na kwa mwanamke yule kwa kutojua kujitetea. Wote wawili wamenisaidia.

Jumanne, 8 Aprili

Afisa elimu alikaa dakika tisa. Aliangalia saa mara nne. Akasema, "Vizuri sana, endeleeni."

Jumatano, 9 Aprili

Tango, ya Ajentina. Watoto hawakucheka hata nilipowaambia watembee kama paka aliyeudhika. Mvua.

Ijumaa, 11 Aprili

Tango. Wanafanya kila ninachosema. Geukeni, wanageuka. Simameni, wanasimama. Hakuna anayeuliza kitu. Wiki zote hizi nimekuwa nikiomba utii. Nimepewa, na ni kama kucheza na nguo zilizoanikwa.

Ubao peke yake, wakati wa kutoka: "Mwalimu, Mama Dekio atarudi lini?"

"Mimi si mwajiri wake."

Wote walikuwa wamesimama mlangoni wanasikiliza. Wakatoka bila kusukumana. Watoto wa darasa la nne, mlangoni, bila kusukumana.

Jumatano, 16 Aprili

Tangu Mama Dekio aondoke, ukumbi unadekiwa na wanafunzi kwa zamu, yaani haudekiwi. Leo nimefika saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nikachukua lile dekio mwenyewe. Nilidhani ni kazi ya dakika kumi. Maji yanavuja kutoka matundu mawili, si moja. Ukikausha la kwanza la pili limeshajaza bonde dogo lililoko katikati ya sakafu, bonde ambalo sikujua lipo, na hulioni mpaka uchuchumae, uso karibu na saruji, utazame kwa upande kuelekea dirishani. Ni lazima uanze na bonde, kisha kona, kisha urudi bondeni. Nimetumia saa moja na dakika tano. Goti limevimba.

Alikuwa ameomba saa moja.

Jumanne, 22 Aprili

Mvua.

Jumatano, 23 Aprili

Kwa-Nini amerudi, mkono ndani ya plasta mpaka kwenye kiwiko, imejaa michoro ya wenzake. Alikaa kwenye benchi karibu na dirisha. Nilifundisha ile ngoma ya Ukraini ya kuchuchumaa na kurusha miguu, ambayo kwa watoto wengine duniani ni furaha tupu, na hawa waliifanya kama adhabu.

Walipotoka yeye alibaki.

"Mkono unauma?" nikauliza.

"Unawasha." Akakuna plasta kwa juu, kama vile inasaidia. "Mwalimu, kwa nini ulisema hukumbuki?"

Nilijifanya napanga nyaya za redio. "Mambo ya watu wazima hayo."

"Lakini mimi nilisikia. Nilikuwa mbele. Alikuambia nitaanguka."

"Hakusema wewe."

"Alisema mtoto." Akafikiri. "Sisi wote tulisikia. Bata alitaka kwenda kusema kwa Mwalimu Mkuu, wengine wakamkataza. Tumekubaliana tusiseme."

"Kwa nini?" Safari hii niliyeuliza ni mimi.

"Tulidhani utasema mwenyewe. Tunakungoja."

Alisema hivyo bila hasira, kama mtu anayekuarifu kwamba wanakungoja kituoni, chelewa tu, wapo. Akachukua mkoba wake kwa mkono mzima, akaenda. Nilikaa kwenye benchi lile mpaka kengele ya mchana. Watoto ishirini na sita wamebeba uongo wangu zaidi ya wiki mbili ili wanipe nafasi ya kuutua mwenyewe. Mimi niliyewaita wajinga wa hesabu ya tatu.

Alhamisi, 24 Aprili

Nimemwambia dada. Yote, hata lile la dekio na majukwaa. Alikuwa anapinda sketi. Mguu wake ukaacha kukanyaga cherehani.

"Kwa hiyo yule mama wa watu yuko nyumbani wiki ya tatu hii," akasema.

"Nikisema watanifukuza."

"Watakufukuza, ndiyo."

"Na nitakwenda wapi?"

"Utakuwa hapa, kama ulivyo." Akauma uzi kwa meno. "Wewe huogopi kufukuzwa, mdogo wangu. Unaogopa kukosea mbele ya watu unaowadharau. Na umetudharau wengi, kwa hiyo huna pa kukosea."

Nilitaka kumjibu kwa ukali. Huyu ndiye niliyeandika hapa kwamba hajawahi kuvuka mtaa wa pili.

Jumamosi, 26 Aprili

Mkutano wa wazazi, ukumbini, saa tatu. Mvua juu ya bati. Kila msemaji alilazimika kupaza sauti isipokuwa Mwalimu Mkuu, ambaye kwa mara ya kwanza kipaza sauti chake kilikuwa na kazi ya halali. Alisoma maendeleo ya ujenzi wa vyoo. Akasoma kwamba kuhusu ajali ya mwanafunzi, shule ilichukua hatua kali dhidi ya uzembe. Makofi machache. Mama yake Kwa-Nini alikuwa safu ya tatu, hakupiga.

Nilinyoosha mkono kama mtoto. Akanipa nafasi, anatabasamu. Alidhani nitazungumzia sketi.

"Uzembe ulikuwa wangu," nikasema. "Mama wa usafi aliniambia sakafu imelowa. Aliniambia mtoto ataanguka. Aliomba saa moja, nikamtukana mbele ya watoto nikamnyima. Nilipoulizwa nikasema sikumbuki. Nakumbuka. Nakumbuka kila neno."

Mwalimu Mkuu alisogeza kipaza sauti mdomoni. "Asante, mwalimu, nadhani hisia za—" Kikapiga ukelele wa kupasua masikio, watu wakaziba, naye akakizima. Katika ukimya ule mzee mmoja, babu yake Bata nilikuja kuambiwa, akasimama akanyoosha fimbo. Si kwangu, kwake.

"Na wewe uliyeandika fomu? Ulimuuliza mtoto hata mmoja?"

"Taratibu zilifuatwa..."

"Nimeuliza, ulimuuliza mtoto?"

Hakuwa amemuuliza. Hakuna aliyewauliza, na wao walikuwa wanajua kila kitu.

Mama yake Kwa-Nini alinifuata nje. Nilijiandaa kwa kofi, ningelipokea. "Mwanangu alinieleza siku ile ile," akasema. "Nikamwambia watu wazima wana sababu zao." Alitikisa kichwa. "Umenifanya nimfundishe mtoto upuuzi." Akafungua mwavuli, akaenda. Kofi lingekuwa jepesi.

Saa saba mkataba wangu umevunjwa. Mwalimu Mkuu amenishukuru kwa uaminifu wangu, kwa barua, na neno uaminifu amelipigia mstari. Mama Dekio anarudi Jumatatu. Mwalimu wa michezo, ambaye hatofautishi walsi na wali, atamalizia ngoma zangu.

Jumapili, 27 Aprili

Nimekwenda kwa Mama Dekio. Vyumba viwili nyuma ya karakana ya seremala. Alikuwa anafua, povu mpaka viwikoni, na binti zake wawili wakubwa wanasuuza. Hakunikaribisha kiti.

Nilisema niliyokwenda kusema. Niliyapanga njiani, yalikuwa mazuri, yalikuwa na mwanzo na mwisho. Alinisikiliza huku anakamua shati.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Umekuja nikusamehe."

"Nimekuja kukuomba radhi."

"Ni hilo hilo, umelivalisha sketi." Akalitupa shati kwenye beseni la pili. "Mimi nimekaa humu siku ishirini, hawa watoto wangu wanaulizwa mtaani mama yenu kamwangusha mtoto wa nani. Wewe umesimama kule dakika mbili. Haviendi sawa. Labda siku moja vitakwenda. Leo haviendi."

Nikakubali kwa kichwa. Binti mmoja alinitazama kwa dharau safi, isiyo na doa. Naijua dharau, nimeishi nayo, ile ilikuwa kazi ya fundi.

Nilipogeuka, akaniita. "Nani alikuwa anadekia nilipokuwa sipo?"

"Mimi. Siku chache."

"Ulianza wapi?"

"Bondeni. Kisha kona, kisha bondeni tena."

Akakamua kitambaa kingine. "Hm," akasema. Ndiyo hiyo tu. Sikupewa zaidi, na njiani nikajikuta naishika ile "hm" kama mtu aliyepewa kitu.

Jumatano, 30 Aprili

Nimemsaidia dada kukata vitambaa. Nakata vibaya. Ameniambia, nami nimekata upya.

Ijumaa, 2 Mei

Mvua. Nimekata vizuri kidogo.

Jumamosi, 10 Mei

Onyesho. Sikualikwa, lakini mlangoni hakuna anayeuliza. Nilikaa nyuma kabisa, kati ya wajomba na mashangazi. Ratiba ilikuwa na jina la Mwalimu Mkuu mara tatu na la mwalimu wa michezo mara moja. Langu halikuwepo, na kwa haki kabisa.

Nitaandika ukweli kama mtu wa kazi. Walsi ilikuwa msongamano wa magari. Flamenko ilipoteza hesabu baada ya makofi manne. Katika ngoma ya Kihindi Ubao alipiga simu, na nina hakika mtu alipokea. Mwalimu wa michezo alisimama pembeni anapuliza filimbi kila wanapobadili safu, filimbi ya mpira, kwenye tango!

Ngoma ya Waayalandi alikuja Kwa-Nini mbele, plasta na yote. Mikono katika ngoma ile haina kazi. Mmoja ulilala ubavuni, mwingine ulining'inia kwenye kamba shingoni, na miguu ikafanya yake. Mguu wa kushoto haukuchelewa. Nilisema kwa sauti, "Vizuri!" Halafu, kwa kuwa nilishafungua mdomo, nikaanza kuwahesabia wengine: moja, mbili, tatu, Bata nyoosha, sasa geuka, geuka, mwingine huyo, mgongo, mgongo!

Bibi mmoja aliyekuwa mbele yangu akageuka. Sijawahi kumwona.

"Wewe mama," akaniambia, "kama unajua kuwashinda, si upande jukwaani? Kama hupandi, tuache tuone wajukuu zetu."

Watu wa safu ile wakacheka. Nikaacha kuhesabu.

Ya mwisho ilikuwa samba, ambayo sikuwahi kuwafundisha. Sijui waliitoa wapi. Watu wote walisimama, nami nikasimama. Mbele yangu kulikuwa na kichwa cha bibi yule, na mabega, na mtoto aliyebebwa shingoni, na sikuweza kuona hata mmoja anayekosea.